Vinyago vya Kosmos: uzoefu wangu na Assassin's Creed Odyssey nikiwa Chikongola

Diski ya gemu hii ya video niliinunua imeshatumika, kwa mtu wa hapahapa Mtwara mjini aliyeniapia kuwa haina hata mkwaruzo. Ilikuwa nayo miwili. Nilitoa Sh 40,000, hela ya msimu wa korosho, na mama hajui mpaka leo. Huu mwezi wa tatu naicheza usiku kwenye PS4 yangu ya zamani, kwa hiyo cha kusema ninacho.

Mimi gemu za historia nazipima kwa wabaya wake. Mfululizo huu wa Assassin's Creed, tangu ulipoanza 2007, umesimama juu ya Watempla wanaotaka kuitawala dunia kwa siri. Odyssey, ya 2018, inarudi nyuma mpaka 431 KK, Athens na Sparta, miji ya Ugiriki ya kale, zinapoanza kupigana, zama ambazo Watempla hawajawaziwa. Nafasi yao imeshikwa na chama cha siri cha Kosmos. Unacheza Kassandra au mdogo wake Alexios, chaguo ni lako, mamluki anayeua kwa malipo. Tajiri mmoja aitwaye Elpenor anakupa kazi, kumbe naye ni mmoja wao. Baadaye unajipenyeza pangoni chini ya patakatifu pa Delphi, umevaa joho lao na kinyago chao, unapita katikati yao wakijadili nani afe.

Hapo ndipo mjomba alipoingia kuchaji simu. Mjomba wangu ni mtu wa Newala, mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, ameyacheza ujanani mwake. Akasimama mlangoni na waya mkononi.

"Mjomba, hao mapiko wa wapi?"

"Wa Ugiriki, mjomba."

Akakaa kitandani. Maneno yote ni Kiingereza, kwa hiyo ikabidi nimfasirie: hawa wanachochea vita pande zote mbili, wanamtisha Pythia, mwanamke mtabiri wa Delphi, atabiri wanachokitaka wao, wamechukua mtoto mchanga wakamlea mpaka akawa silaha yao. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kinyago hakina kosa. Lipiko, yaani mcheza kinyago, hatajwi jina, anawatisha watoto na wanawake uwanjani, lakini kesho yake asubuhi yuko shambani anapalilia mikorosho kama wenzake. "Hao wako, kesho yake wanafanya nini?"

Nilicheka, lakini swali halikutoka kichwani. Tangu siku hiyo ndilo nililolitumia kuipima gemu nzima.

Wako wachache ambao kesho yao tunaiona. Kleon ndiye bora kuliko wote. Mchana ni mwanasiasa wa Athens anayewafokea wananchi jukwaani na kumchimba Perikles, kiongozi wa mji. Usiku ni Kosmos. Kleon wa kweli alikuwapo na alikuwa na mdomo huohuo, akauawa Amphipolis mwaka 422 KK, na gemu inampeleka palepale akafie. Perikles wa kweli aliondoka na tauni mwaka 429 KK. Gemu imemtafutia kifo kingine, na nilipokifikia niliweka pedi ya kuchezea chini nikatoka nje kupunga upepo. Kule Korintho kuna jitu liitwalo Monger ambalo mji mzima unaliogopa, na unaulizwa ulimalize hadharani watu waone, au kimyakimya. Nilichagua hadharani. Mjomba aliunga mkono.

Shida ni wengine. Wako zaidi ya 40. Kuna ukurasa unaowaonyesha kama vivuli, unaokota kidokezo hiki na kile, kivuli kinafunguka jina linatokea. Wa kwanza kumi nilikesha. Wa ishirini nikaanza kupiga miayo, maana unafika unakuta mtu amesimama ndani ya ngome, hana neno hata moja, unamchoma, unachukua kipande chake cha chuma, unaondoka. Wengine wako baharini, unazamisha merikebu basi. Mke ana? Deni anadaiwa? Aliingiaje chamani? Hakuna. Ni kama kuhesabu magunia ghalani.

Rafiki yangu wa Shangani anasema nina gubu, ukubwa wa gemu ndio utamu wake. Nchi kweli ni pana na bahari inapendeza. Lakini nikilinganisha na Assassin's Creed II, Rodrigo Borgia peke yake ananitosha kuliko vivuli vyote hivi. Unamfahamu angali kadinali, miaka inapita, mwaka 1492 anakuwa Papa kama ilivyokuwa kweli, na kila hatua unajua anachokitafuta.

Na kuna kisa ambacho katika gemu nilizocheza sijakutana nacho. Watempla halisi, shirika la watawa wapiganaji wa Kikristo, walikamatwa Ufaransa tarehe 13 Oktoba 1307, na Papa akakivunja chama chao 1312. Ureno mali zao zikahamishiwa Shirika la Kristo, lililoundwa 1319, na msalaba mwekundu wa shirika hilo ndio uliokuja kuchorwa kwenye matanga ya merikebu za Kireno. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa akamdai mtawala kodi ya dhahabu. 1505 Mreno mwenzake Francisco de Almeida akauteka mji na askari wake wakaupora. Nilipelekwa Kilwa Kisiwani na shule nikiwa kidato cha pili, nikagusa kuta za msikiti ule, hakuna aliyetueleza habari ya msalaba wa kwenye tanga. Nilipomsimulia mjomba aliniuliza kama walivaa vinyago. Nikamwambia hapana, walikuja mchana kweupe.

Kwa anayetaka kununua: uwe na nafasi ya kutosha kwenye mashine, uwe na subira, na usijilazimishe kuwamaliza wote 40 na ushee. Hakikisha unahifadhi mchezo kila mara. Gesi tunayo hapo Madimba lakini umeme wenyewe mnaujua.

Mimi diski siiuzi kwanza. Mkuu wao bado sijamfunua, na mjomba ameacha chaja yake hapa makusudi.