Gereji ya chini ya mkorosho, Magomeni Mtwara: kirikuu imerudi kupanda Newala

Mimi nauza ng'onda na dagaa. Kila Jumatano alfajiri napakia Mikindani, nashusha mzigo kidogo Ndanda, mwingi Masasi, halafu napandisha Newala na kurudi nyumbani kwa njia ya Tandahimba. Gari ni kirikuu yangu na dereva ni mimi. Ni ile Suzuki Carry ya zamani yenye injini ya F6A, silinda tatu, cc 657, ya kabureta. Injini iko chini ya kiti, kwa hiyo ikichemka mwenye gari anajua kabla geji haijamwambia.

Lami ya kwenda Masasi haijawahi kunisumbua. Kazi ilikuwa baada ya Masasi, pale uwanda wa Makonde unaposimama mbele yako kama ukuta. Kirikuu ilikuwa inaingia gia ya pili kwa manung'uniko, inarudi ya kwanza, halafu inatambaa. Watembea kwa miguu wananisalimia, tunaulizana habari za watoto, na tunaagana bado tuko sambamba. Na ukishafika juu kuna ule mchanga mwekundu wa njia za vijijini, ambao ukitaka kuondoka umesimama unahitaji injini ivute kuanzia chini kabisa. Mtu wa mjini anayeangalia mbio za gari hawezi kunielewa. Mimi mbio sitaki, nataka mvuto.

Safari ya kwanza ya kutafuta mvuto huo nilikosea mlango. Gereji hiyo siitaji. Vijana walikuwa wachangamfu, wakaniambia, "Mama, injini ndogo hii inakosa pumzi tu." Wakatoa silensa wakaweka bomba pana, wakakata boksi la filta, wakafunga kabureta kubwa ya gari la cc 1,000. Nikalipa shilingi 380,000. Nikiri kwamba kwenye tambarare, ukiikanyaga mpaka injini ipige kelele, ilikimbia kuliko zamani. Ila chini huko ilikufa. Unatoka kwenye kona, unakanyaga mafuta, inakohoa, inafikiri kwanza, ndipo inakumbuka kwamba una mzigo. Mtaa mzima ulijua saa niliyorudi usiku, na mlimani nikawa napanda polepole kuliko mwanzo, tena kwa makelele.

Jirani yangu mwenye bajaji ndiye aliyenielekeza kwa mzee wa Magomeni. Hakuna kibao. Kuna mkorosho mkubwa, sakafu ya saruji iliyopasuka, mapipa mawili, na mzee wa barakashia ambaye vijana wote wanamwita Mjomba, basi na mimi nikamwita hivyo.

"Shikamoo Mjomba. Nataka uniongezee nguvu injini."

"Marahaba mwanangu. Kabla hujaniomba nguvu mpya, niambie ya zamani umeiweka wapi."

Hakufunua kiti. Alizunguka gari, akapiga tairi teke, akauliza nabeba kilo ngapi. Nikasema mia sita, siku nyingine na zaidi. Akacheka mpaka kijana wake akaja kuangalia kulikoni. Gari hizi za Japani zimetengenezewa kilo 350, akasema, na mimi nampandisha mtoto wa darasa la pili mlima na gunia la baba yake.

Halafu akachukua chaki. Hapa ndipo aliponishinda, maana nilikuja na orodha yangu. Shemeji yangu alinishauri nifunge ringi za inchi 13 ili gari liinuke, nami nikafunga na mipira ya 165R13. Mjomba akaandika chini kwenye saruji: mpira wa kiwandani, 145R12, kimo chake ni milimita 540 na kidogo. Huu wangu unakaribia 600. Ekseli ikizunguka mara moja, mpira mkubwa unataka gari liende mbali zaidi kwa jasho lile lile, kwa hiyo sehemu ya kumi hivi ya mvuto inapotea kabla hujawasha redio. "Hii umeitoa mwenyewe," akasema, "na kuirudisha hakuhitaji spana ya injini."

Nikamwambia basi tuchimbe silinda, tuweke pistoni kubwa. Akaandika tena. Kipenyo cha silinda ni milimita 65. Ukichimba mpaka 65.5, cc 657 zinakuwa 667. "Cc kumi mwanangu ni vijiko viwili vya dawa ya kikohozi. Utashusha injini nzima kwa vijiko viwili?"

Na ile kamshafti ya mbio (ule mtaimbo unaofungua na kufunga valvu) ambayo vijana wa kwanza walitaka kuniuzia baadaye? Hiyo aliieleza kwa mikono, kiganja kimoja pistoni, kingine valvu. Kamshafti ya mbio inaacha valvu ya kuingiza hewa wazi kwa muda mrefu. Injini ikiwa inakimbia, hewa ina kasi yake na inaendelea kuingia hata pistoni ikishaanza kupanda. Injini ikienda taratibu, kama pale mlimani, hewa haina kasi hiyo, na pistoni ikipanda inairudisha ilikotoka. Bomba pana la eksozi nalo ni ndugu yake, kwani moshi mchache wa injini ndogo ukipewa njia pana unapooza na kuzubaa badala ya kutoka mbio na kuvuta mwenzake.

Siku ya pili akapima kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa. Silinda ya kwanza 125, ya pili 120, ya tatu 85. Akamwaga kijiko cha oili kwenye tundu la plagi ya tatu, akapima tena, sindano ikapanda kidogo tu, 95. Akaniambia ingepanda sana tungelaumu ringi za pistoni peke yake, ingegoma kabisa tungelaumu valvu au gasketi. Yangu ilikuwa na vyote. Kisha akanionyesha kile kibuyu kidogo ubavuni mwa distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, akanyonya mpira wake kwa mdomo kama anavuta mafuta ya taa. Hakuna kilichosogea, kiwambo cha ndani kilishachanika. Kibuyu hicho kinawahisha moto unapokanyaga mafuta kidogo. Mlimani ukiwa umekanyaga mpaka chini hakikusaidii, alinitahadharisha nisije nikamlaumu, ila kwenye lami kitanipunguzia petroli.

Kazi aliyofanya ni hii: ringi mpya za pistoni, valvu zikasagwa, mkanda wa taimingi ukabadilishwa kwa kuwa injini ilikuwa tayari iko mezani, na silinda hedi ikapelekwa kwa fundi wa kerezo, mashine ya kuchonga chuma, kwa sababu ilikuwa imepinda. Kwa kerezo nilikwenda nao. Fundi wa pale alitaka kukata milimita nzima "kompresheni ipande kweli kweli." Mjomba akampa 0.3. Milimita hizo ndogo zinapunguza chumba cha moto kwa cc 1 hivi kila silinda, na kwa chumba chenye cc ishirini na kitu hiyo siyo haba. Ukikata zaidi, valvu zinasogelea pistoni, injini inaanza kugonga kwa petroli yetu hii, na inachemka. Kabureta kubwa ikatoka. Ya zamani nilikuwa nayo kwenye ndoo nyumbani, namshukuru Mungu situpi vitu. Bomba la eksozi likarudi jembamba, lenye silensa.

Gharama: kazi 250,000, na vipuri, kerezo na bomba 315,000. Jumla 565,000. Mipira minne ya 145R12 nilinunua mwenyewe, nikauza ile mikubwa pamoja na ringi zake za shemeji. Shemeji hajafurahi.

Kompresheni ilipopimwa tena ilisoma 175, 175, 170. Mjomba hakukubali kunikabidhi kabla ya mlima, akanipa kijana wake tuende naye Newala, kilo 450 za mzigo. (Ndiyo, bado ni zaidi ya 350. Sina mtaji wa kubeba kilo 350.) Kijana alikaa kimya njia nzima, sikio chini. Tulipoanza kupanda nikasikia mlio mdogo, kama korosho zinazopasuka kwenye karai. "Mama, simama." Taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa moto, ilikuwa mbele mno kwa kompresheni mpya. Akafunua kiti, akalegeza distribyuta, akairudisha nyuma unywele mmoja, akakaza. Mlio ukaisha. Nilishangaa kuona kazi ya siku zote zile inamaliziwa kando ya barabara kwa spana moja, lakini ndiyo hivyo, mlima ndio unaokwambia.

Tulipanda kwa gia ya pili mpaka juu, isipokuwa kona moja kali iliyotaka ya kwanza. Wapita njia walinipungia mkono tu, hatukupata nafasi ya kuulizana habari za watoto. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya bahari, na hewa inapungua kama asilimia 1 kila mita 100, kwa hiyo injini ya kabureta huko juu lazima iwe mnyonge kidogo. Hata hivyo, kwenye mchanga wa Tandahimba iliondoka bila klachi kunuka. Mzunguko mzima ulikuwa unakula lita 42, sasa lita 36.

Kilichopotea ni mbio. Zamani nilikuwa nafika 90 kwenye lami, sasa kwenye 80 injini inalia na mabasi ya Masasi yananipita kama nimepaki. Anayetaka vyote viwili, mlima na mbio, anunue gari kubwa.

Sasa malalamiko yangu, maana sikuja hapa kumpamba mtu. Aliniahidi siku nne, zikawa tisa. Gasketi ziliagizwa Dar, zikaja na basi, tukafungua boksi, ni za K6A, injini nyingine ya Suzuki. Zikarudi, nyingine zikaja. Jumatano hiyo nilikodi gari la mtu na faida yote ikaishia huko. Angeniambia niende mwenyewe dukani na gasketi ya zamani mkononi, ningekwenda. Risiti hatoi, anaandika kwenye kipande cha boksi. Pa kukaa mteja hakuna, nilikalia dumu. Na anakufokea mbele ya watu; siku niliposema bomba pana lilikuwa na sauti nzuri, nilipata hotuba. Halafu huo mkorosho wenyewe: msimu ukifika mabibo yanadondoka, na nimeona kwa macho yangu bibo likipasukia juu ya injini ya mtu iliyofunuliwa. Aweke turubai.

Kwa ufundi nampa nyota tano, kwa ahadi nampa mbili. Ukienda, nenda asubuhi kabla ya saa tatu ukiwa na mzigo wako wa kawaida ndani ya gari, maana atataka kuliendesha likiwa nao kabla ya kulifungua, na Ijumaa mchana usimtafute. Kifuniko cha juu cha injini kinavuja oili kidogo tangu tulipotoka Newala, tone moja moja juu ya eksozi, moshi unanifikia kwenye kiti. Ameniambia niende Jumamosi, na kwamba hiyo ni bure. Nitakwenda na dumu langu la kukalia.