Una laki mbili na mashine ya santuri: anza na sindano

Wengi wanaoniuliza kuhusu mashine za santuri hapa Arusha tayari wanayo moja. Ni ya baba iliyofufuliwa na fundi wa redio, au ya mtumba iliyopatikana soko la Memorial kule Moshi, au mpya ya bei ya chini iliyoletwa na basi kutoka Nairobi. Mkononi kuna laki mbili, pengine laki moja tu, na wanataka kujua waanze kununua nini.

Sindano. Nasema hivyo hata kwa mtu mwenye sabufa mbovu. Sabufa mbovu inakunyima raha, lakini haigusi santuri. Sindano iliyokwisha inakwangua mifereji kila inapopita, na kilichokwanguliwa hakirudi. Ukiharibu santuri ya NUTA Jazz au Morogoro Jazz iliyotunzwa tangu miaka ya 70, hakuna duka utakalokwenda kununua nyingine.

Sikiliza upande mzima mpaka karibu na lebo. Mifereji ya ndani ni migumu zaidi kwa sindano, na uchovu hujitokeza pale kwanza: tarumbeta zinakwaruza, herufi "s" ya mwimbaji inachemka. Kisha azima ile lenzi ndogo ya mara kumi ambayo madalali wa tanzanite wanatazamia mawe. Itakuonyesha kama kijiti kinachoshika ncha kimepinda au ncha imebeba shungi la vumbi. Ulaji wa ncha yenyewe hautauona, ni mdogo mno, kwa hiyo usiseme sindano ni nzima kwa sababu lenzi haikuonyesha kitu. Kwa kawaida sindano ya almasi hupewa kati ya saa 300 na 1,000 kutegemea umbo la ncha. Anayesikiliza saa moja kila jioni anamaliza saa 500 kabla ya mwaka na nusu. Kama hujui iliyopo imetumika kiasi gani, ihesabu kuwa imekwisha.

Ipi sasa? Hapa mwenye bajeti ndogo ana bahati. Kwa santuri ndogo za mizunguko 45 zilizochezwa sana, ncha ya duara, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote, mara nyingi inafaa kuliko zile za bei. Haiingii sana kwenye makovu ya mfereji, na haisumbuki sana na kichwa, yaani kile kifaa kidogo kinachoshika sindano, kikifungwa upande kidogo. Ncha yenye umbo la yai inastahili pesa yake ukiwa na albamu kubwa zilizotunzwa vizuri. Ukilazimika kununua kichwa kizima, mimi ningechukua cha familia ya Audio-Technica VM95. Unaanza na sindano ya duara, baadaye unachomoa na kuweka ya yai bila kugusa skrubu hata moja, na kwa zile sahani nzito za shelaki za mizunguko 78 ipo sindano yake pana. Usizicheze hizo na sindano ya kawaida.

Kabla ya kuagiza, piga picha kichwa chako kwa mbele na kwa ubavu, uandike namba iliyochapwa juu yake. Sindano ni mzigo mwepesi, hata ndugu anayetoka Dar anaibeba mfukoni.

Kwenye pesa hiyo hiyo toa kidogo ununue mizani ndogo ya kupimia uzito ambao sindano inakandamizia santuri. Kichwa cha AT3600L kinataka gramu 3.5, Ortofon 2M Red kinataka 1.8. Ukikisia, unakisia juu ya mali isiyo na mbadala. Na sarafu juu ya kichwa ili sindano isiruke, iondoe leo. Ukipungukiwa uzito, sindano inarukaruka ndani ya mfereji na kuuchana, kwa hiyo wepesi kupita kiasi nao si huruma.

Cha pili ni priamplifaya ya fono, ila kwa asiyenayo tu. Kichwa cha sumaku hutoa milivolti chache, na besi ilipunguzwa makusudi wakati wa kukata santuri. Lazima kitu kiirudishe. Ndiyo maana ukichomeka moja kwa moja kwenye aux ya sabufa unapata sauti nyembamba ya mbali. Tazama kwanza nyuma ya mashine kama kuna swichi ya PHONO na LINE, au kama amplifaya ya mzee ina tundu la PHONO. Kama vipo, hifadhi pesa yako. Kama havipo, Behringer PP400 inatosha kuanzia. Mvumo ukikusumbua, funga waya wa athi (wa ardhi) kabla ya kumlaumu mtu.

Kuna jambo moja linalopindua mpangilio huu: mashine ya mtumba iliyotengenezewa Marekani. Transfoma ya kushusha volti inatatua volti peke yake. Kama mota yake inafuata mapigo ya umeme, hezi 60 za kule, kwenye hezi 50 zetu santuri ya 45 itazunguka mara 37.5 na mwimbaji atashuka sauti. Bandika karatasi ukingoni, washa santuri, hesabu: mizunguko 45 kwa dakika moja, au 100 kwa dakika tatu ukiwa kwenye 33. Ikipungua karibu moja ya sita, hilo ndilo tatizo, na hapo fundi wa kubadilisha puli anakuja kabla ya sindano. Ikiyumbayumba tu, nunua mkanda mpya, wa bapa na wa kipimo chake; wa redio ya kaseti hautafaa.

Spika ni za tatu. Zinabadilisha sauti kuliko kitu chochote, sibishi, lakini laki mbili hazileti spika nzuri mpya. Subiri za mtumba na uzisikilize kabla ya kulipa. Waya za bei mbaya, mikeka ya ngozi na vyuma vya kukandamiza santuri viache kabisa.

Vile vimashine vya mkoba vyenye kichwa cha seramiki, vinavyokandamiza karibu gramu 5, usiviongezee kitu. Weka pesa hiyo kando kwa ajili ya mashine nyingine, na santuri za mzee zikae kwenye majalada yake mpaka ipatikane.