Gololi ya Mbao na Jina la Muuaji: Tulivyoiona "Minority Report" Lamu
Usiku wa Ijumaa, juu ya paa la jirani yetu hapa Langoni, tuliitazama tena Minority Report, filamu ya mwaka 2002 iliyoongozwa na Steven Spielberg, na mabishano yake bado hayajaisha barazani. Kisa chake kiko Washington ya mwaka 2054, ambako watabiri watatu waliolazwa majini huona mauaji kabla hayajatendeka, kisha jina la muuaji huchongwa kwenye gololi ya mbao inayobingirika polepole ndani ya bomba, na polisi humkamata kabla hajaua. Gololi hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mzee mmoja, nahodha wa zamani, alisema kwamba falaki humwonya mtu asing'oe nanga, bali haimfungi pingu kwa dhoruba ambayo haijavuma, nami nilikubaliana naye kabisa. Tom Cruise anakimbia mno kwa ladha yangu, na dakika 145 zingeweza kupunguzwa, hasa karibu na mwisho, ambapo fumbo lililosukwa kwa ustadi linafumuliwa kwa maneno mengi. Vijana walipenda magari yapandayo kuta; mimi ningeirudia kwa ajili ya Samantha Morton, aigizaye mmoja wa watabiri hao, ambaye macho yake yanaogofya kuliko bastola yoyote iliyomo.