Kifaa gani cha uhalisia ulioboreshwa kinastahili fedha yako? Mpangilio kwa mnunuzi wa kawaida

Kabla ya kulinganisha bei, kamera au majina ya makampuni, mnunuzi wa kifaa cha uhalisia ulioboreshwa, yaani kinachochanganya vitu vya kidijitali na mazingira halisi unayoyaona, anapaswa kukifanyia jaribio moja. Aweke kitu cha kidijitali, tuseme kiti, juu ya sakafu halisi iliyo mbele yake, akizunguke, ainame kukitazama kwa chini, kisha ageukie upande mwingine na kurudi. Kiti kikibaki pale pale kilipowekwa, bila kuteleza wala kutetemeka, kifaa hicho kinaelewa nafasi kilimo. Kikimfuata usoni kila anapogeuza kichwa, basi alichonacho ni skrini iliyoning'inizwa mbele ya macho, ambayo inaweza kuwa nzuri sana kwa kazi yake lakini ni bidhaa nyingine. Soko limezifungia bidhaa hizi mbili, pamoja na ya tatu isiyo na skrini kabisa, chini ya jina moja la miwani janja, na mnunuzi asiyezitenganisha huishia kulipia asichokihitaji.

Mpangilio ufuatao unamlenga mtu anayenunua kwa fedha zake mwenyewe, si kiwanda wala maabara. Nimetanguliza vifaa vyenye manufaa makubwa kwa gharama na usumbufu mdogo, na bei zilizotajwa ni zile za uzinduzi kwa dola za Marekani, ambazo hufaa kulinganishia tu.

Nafasi ya kwanza: simu

Wapo watakaoona kwamba kuanza na simu ni kukwepa swali. Hata hivyo, simu ndiyo iliyowafikishia watu wengi teknolojia hii kwa mara ya kwanza, hasa baada ya mchezo wa Pokémon Go kutoka Julai 2016. Mwaka 2017 Apple ilitoa ARKit, mfumo wa kutengenezea programu za aina hii, pamoja na iOS 11, programu endeshi ya iPhone, na mwanzoni mwa 2018 Google ikatoa toleo la kwanza kamili la ARCore kwa simu za Android. Mifumo yote miwili hufuata kanuni moja: kamera hutafuta alama ndogo ndogo zinazotambulika katika mazingira, kama vile kona ya zulia au mistari ya mbao, huku vihisi mwendo vya simu vikieleza jinsi mkono unavyosogea, na kwa kuunganisha taarifa hizo simu hukadiria mahali ilipo na mahali sakafu ilipo. Ndiyo maana kiti cha kidijitali hutulia juu ya zulia lenye nakshi lakini huanza kuelea juu ya meza nyeupe inayong'aa, au taa zinapofifia. Anayejaribu simu kwa ajili ya kazi hii asiridhike na onyesho la kwenye kaunta yenye mwanga mkali; aielekeze kwenye uso mtupu na kwenye kona yenye mwanga hafifu, kwa kuwa hapo ndipo simu nzuri hujitenga na simu ya kawaida.

Mambo mawili yakaguliwe kabla ya kulipa. La kwanza ni kwamba si kila simu ya Android inakubali ARCore. Google huthibitisha modeli moja moja, ikipima ubora wa kamera, vihisi na kichakataji, na huchapisha orodha ya zilizopita, kwa hiyo simu yenye kamera nyingi na jina zuri inaweza kukosekana humo. La pili ni kihisi cha LiDAR, ambacho Apple ilikiweka kwanza kwenye iPad Pro ya Machi 2020 na kisha kwenye iPhone 12 Pro mwaka huo huo. Kihisi hicho hurusha mwanga usioonekana kwa jicho na kupima muda unaochukua kurudi, hivyo simu hujua umbali wa vitu vilivyo karibu bila kulazimika kuzungushwa chumbani kwanza, na kochi halisi huweza kukificha kiti cha kidijitali kilichowekwa nyuma yake. Kwa anayepima vyumba au kunakili vitu katika umbo la pande tatu, tofauti hiyo ni kubwa na inafaa kulipiwa. Kwa anayetaka tu kuona kama kabati litaenea ukutani, hakuna sababu ya kuongeza fedha.

Kasoro ya simu inajulikana: inashika mkono mmoja, huchosha bega, na dunia iliyoboreshwa huonekana kupitia kidirisha kidogo tu. Asiyeweza kuvumilia hayo ndiye anayepaswa kuendelea kusoma.

Nafasi ya pili: Meta Quest 3

Hedseti hii, yaani kifaa kinachovaliwa kichwani na kufunika macho, ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 499, na ingawa wengi huinunua kwa michezo ya uhalisia pepe, ambayo humwingiza mchezaji katika dunia ya kidijitali tupu, ndicho kifaa cha bei ya kadiri kinacholifaulu jaribio la kiti kikiwa kichwani. Haikuonyeshi dunia kupitia kioo angavu. Kamera zilizo mbele hupiga picha za chumba, kichakataji huchanganya picha hizo na vitu vya kidijitali, kisha yote huonyeshwa kwenye skrini mbili zenye pikseli 2064 kwa 2208 kwa kila jicho. Faida ya njia hii ni kwamba kifaa kinaweza kuchora chochote, hata rangi nyeusi na vivuli, jambo ambalo miwani angavu haiwezi kulifanya kwa kuwa yenyewe huongeza mwanga tu na haiwezi kuuondoa. Katika miwani ya namna hiyo, cheusi huonekana kama kitu kisichokuwepo. Hasara ni kwamba unaiona dunia kwa ubora wa kamera. Usiku sebuleni picha hujaa chenga, na maandishi madogo ya kwenye kioo cha simu husomeka kwa taabu.

Mwaka 2024 ilifuata Quest 3S kwa dola 299, ikiwa na kichakataji kile kile. Punguzo hilo halikutoka hewani: lenzi zake ni za aina ya zamani, ambayo picha hufifia kuelekea pembeni, pikseli zimepungua, haina kihisi maalumu cha kupimia kina, na umbali kati ya lenzi hurekebishwa kwa hatua tatu tu badala ya gurudumu linalozunguka taratibu. Kwa michezo 3S inatosha kabisa. Kwa matumizi tunayoyazungumzia hapa, ambapo chumba chenyewe ni sehemu ya onyesho, ningependekeza kuongeza fedha na kuchukua Quest 3. Zote mbili zina uzito wa takribani nusu kilo, na mkanda unaokuja nazo haubebi uzito huo vizuri, kwa hiyo gharama ya mkanda bora ijumuishwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Betri hudumu saa mbili na kitu.

Nafasi ya tatu: miwani ya skrini kubwa

Makampuni ya Xreal, Viture, Rokid na RayNeo hutengeneza miwani inayounganishwa kwa waya na tundu la USB-C la simu, kompyuta au kifaa cha michezo, na kumwonyesha mvaaji skrini inayoonekana kubwa kama ya ukumbi wa sinema. Xreal One, iliyozinduliwa mwishoni mwa 2024 kwa dola 499, ina chipu yake yenyewe inayoweza kuisimamisha skrini hiyo mahali pamoja unapogeuza kichwa, na eneo la picha lina upana wa nyuzi 50 kutoka kona hadi kona. Katika jaribio la kiti hupata nusu ya alama: ukigeuka, picha hubaki, ukipiga hatua, inakuja nawe. Kwa mtu anayesafiri mara kwa mara, au anayefanya kazi kwenye kompyuta ndogo na hataki jirani asome barua zake, nusu hiyo inatosha, na huenda akaitumia zaidi ya mwenye hedseti ghali.

Macho ndiyo yanayoamua ununuzi hapa. Asiyeona mbali anaweza kuchagua Rokid Max au Viture Pro, ambazo zina vigurudumu vya kurekebisha kila jicho bila kuhitaji lenzi za ziada, lakini vigurudumu hivyo havirekebishi astigmatizimu, yaani ukungu wa macho unaotokana na jicho kutokuwa na mviringo sawa, na mwenye tatizo hilo atalazimika kuagiza lenzi za kupachika. Pia kabla ya kununua, thibitisha kwamba tundu la USB-C la simu yako linatoa picha na si chaji na data peke yake, kwa kuwa simu nyingi za bei ya chini hazina uwezo huo, na muuzaji mara nyingi hajui.

Nafasi ya nne: miwani ya kuvaa kutwa

Hapa pana mvuto mkubwa na tahadhari nyingi. Ray-Ban Meta ya mwaka 2023 ina kamera, spika na maikrofoni lakini haina skrini, kwa hiyo haiboreshi chochote unachokiona, hata tangazo likiipamba vipi. Meta Ray-Ban Display, iliyoingia sokoni nchini Marekani mwishoni mwa Septemba 2025 kwa dola 799, inayo skrini ndogo yenye upana wa nyuzi 20 inayoonekana kwa jicho la kulia pekee, na huongozwa kwa mkanda wa mkononi unaosoma ishara za umeme za misuli. Ujumbe, ramani na tafsiri ya mazungumzo huonekana vizuri hata juani. Kiti hakitakaa sakafuni, maana miwani hiyo haikuundwa kwa kazi hiyo, na uzito wake wa gramu 69 unaonyesha kilichotolewa kafara ili ifanane na miwani ya kawaida. Lenzi za kurekebisha uoni hupatikana kati ya namba −4 na +4 tu.

Even Realities G1 ilichukua njia tofauti, nami naipa heshima kwa hilo: maandishi ya kijani mbele ya macho yote mawili, bila kamera na bila spika. Aliyekaa mbele yako hana sababu ya kujiuliza kama anapigwa picha. Katika miwani yenye kamera, kinachomjulisha kama anapigwa picha ni kitaa kidogo kwenye fremu, na mnunuzi ajiandae kuulizwa maswali kazini, darasani na kwenye faragha za watu.

Kundi hili linabadilika haraka kuliko mengine. Ikiwa hakuna kazi mahususi inayokusukuma, subiri toleo lijalo.

Nafasi ya tano: hedseti za kifahari

Apple Vision Pro ilianza kuuzwa Februari 2024 kwa dola 3,499, na Oktoba 2025 ikapewa chipu ya M5. Jaribio la kiti inalifaulu kuliko kifaa chochote kilichotajwa hapa. Unaweza kuacha dirisha la programu jikoni, ukalala, na asubuhi ukalikuta pale pale. Skrini zake zina jumla ya pikseli milioni 23, na huongozwa kwa macho na kubana vidole bila kishikio chochote. Kwa nini basi iko chini? Kwa sababu toleo la kwanza lina uzito wa gramu 600 hadi 650 usoni, betri yake huning'inia kwenye waya na kudumu takribani saa mbili, anayevaa miwani hawezi kuivaa juu yake bali hununua lenzi za Zeiss kwa bei ya ziada, na bei ya kifaa kimoja ingenunua Quest 3 saba za bei ya uzinduzi. Samsung Galaxy XR ya Oktoba 2025, inayotumia Android XR, mfumo wa Google wa vifaa vya aina hii, ni nyepesi zaidi kwa gramu 545 na iligharimu dola 1,799, na kwa anayeitaka hedseti ya daraja hili ningemwambia aijaribu hiyo kwanza.

Visivyostahili kununuliwa

Hedseti ya HoloLens 2 ya Microsoft ilikuwa kigezo cha tasnia ilipotoka mwaka 2019 kwa dola 3,500, na leo hupatikana kama bidhaa iliyotumika kwa bei inayotamanisha. Microsoft ilisimamisha utengenezaji wake mwaka 2024, na masasisho ya usalama yatakoma mwishoni mwa 2027. Hedseti ya Magic Leap One ya mwaka 2018 iko katika hali mbaya zaidi, kwa kuwa huduma za mtandaoni zinazoitegemeza zilifungwa mwishoni mwa 2024. Miwani ya Spectacles ya Snap iliyotangazwa Septemba 2024 ilikodishwa kwa wasanidi programu kwa dola 99 kwa mwezi na betri yake hudumu dakika 45, nayo miwani ya Orion ya Meta iliyoonyeshwa mwezi huo huo haikuwahi kuwa bidhaa ya dukani.

Jambo hili la huduma kufungwa lisichukuliwe kirahisi hata kwa vifaa vipya. Kampuni ya North ya Kanada ilinunuliwa na Google mwishoni mwa Juni 2020, na tarehe 31 Julai mwaka huo miwani yake ya Focals ikaacha kufanya kazi ikiwa mikononi mwa wateja walioinunua. Kwa hiyo, ukishaingiza akaunti na kukamilisha maandalizi, zima intaneti ya kifaa na ya simu inayokiongoza, ukitumie kwa nusu saa mfululizo ukiwa umekivaa, kisha andika ni programu zipi zimeendelea kufanya kazi na ni wapi pua au paji la uso limeanza kuuma. Fanya hivyo siku chache baada ya kukinunua, muda wa kukirudisha ukiwa bado haujaisha na kasha likiwa halijatupwa.