Uzoefu wangu na vifaa vya zimamoto wa kujitolea Ujerumani: koti ni zuri mno, na hapo ndipo tatizo lilipo

Kila nikituma picha nikiwa nimevaa gwanda la zimamoto kwenye kundi la familia, swali kutoka Tanga ni lile lile: wanakulipa shilingi ngapi? Hawanilipi. Kule nyumbani Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni askari wa serikali, unapiga 114 wanakuja. Huku Ujerumani, ukitoka kwenye miji mikubwa, ukipiga 112 atakayekuja kukuzimia moto ni fundi bomba, mwalimu wa shule ya msingi, muoka mikate, na mimi ninayefanya kazi ghalani. Nchi nzima tuko takriban milioni moja tunaojitolea. Hata Berlin na Hamburg, zenye zimamoto wa kulipwa, zina vikosi vya namna hii pembeni.

Ukijiunga unapewa mafunzo, bima ya ajali na vifaa, vyote bure. Mimi niko kwenye kikosi cha mji mdogo katika jimbo la Hessen kwa miaka kadhaa sasa, na nimeamua kuandika kuhusu hivyo vifaa kwa sababu maelezo mengi ninayoyaona yameandikwa na wanaoviuza. Hayasemi jambo ambalo mvaaji angetaka kulijua mapema.

Nianze na peja, maana ndiyo itakayoingia nyumbani kwako kabla ya kitu kingine. Ni kidude cha kubana kiunoni, kinakuletea maandishi mafupi: aina ya tukio, mtaa, namba ya nyumba. Tuna programu ya simu pia, lakini peja ina mtandao wake yenyewe, haitegemei kama simu ina chaji au uliizima sauti. Naipa nyota tano kwa uaminifu. Kwa sauti, muulizeni mke wangu. Saa tisa usiku ikilia, mtoto anaamka, jirani wa juu anaamka, na mimi niko ngazini natafuta kiatu cha pili. Unakwenda kituoni kwa gari lako au baiskeli, bila king'ora, na taa nyekundu ya barabarani inakusimamisha na wewe. Ikikukuta kazini, sheria inamlazimu mwajiri akuachie na asikukate mshahara. Akidai, halmashauri inamrudishia. Bosi wangu hajawahi kunikatalia. Ila siku za kupakia makontena sura yake huwa inasema mengi.

Na mara nyingi unakimbilia nini? Mafuta yamemwagika barabarani. Mti umeangukia njia baada ya dhoruba. Kengele ya moto kwenye nyumba ya wazee imelia kwa sababu mtu ameunguza mkate. Moto wa kweli, wa nyumba kuwaka, ni mchache. Anayejiunga kwa hamu ya miali ya moto atazeeka anafagia mafuta.

Sasa koti na suruali, ambavyo ndivyo vilivyonifanya nikae chini niandike. Ni tabaka juu ya tabaka: nje kitambaa cha aramidi kisichoshika moto, katikati utando unaozuia maji yasiingie lakini unaoachia jasho litoke, ndani bitana nene ya kukinga joto. Juu yake kuna mistari inayong'aa usiku, na mgongoni kuna kishikio cha kukuburutia ukianguka. Ushonaji hauna dosari. Mwezi Januari, ukiwa umesimama barabarani unaongoza magari, hutamani kulivua.

Ndani ya moto ndipo linapokudanganya. Kwenye mafunzo kuna kontena la chuma wanamochoma mbao, unaingia kwa magoti na mwenzako, mpira wa maji mkononi. Moshi umejaa kuanzia darini hadi usawa wa kiuno, na chini yake unaona sakafu na viatu vya aliye mbele. Mwili unakwambia hali ni shwari. Hakuna kinachounguza, unasikia uvuguvugu tu. Mkufunzi anakuamuru ufungue maji kwa sekunde moja, ukielekeza juu. Tone halirudi hata moja. Maji yote yamegeuka mvuke huko juu kabla ya kuanguka, maana yake joto la darini ni la kuua, na wewe chini yake ulikuwa unafikiria mambo yako. Wazee wa kikosi wanasema zamani masikio yalikuwa wazi, yakianza kuchoma unajua ni wakati wa kurudi. Sasa masikio yamo ndani ya kofia ya kitambaa, kofia imo ndani ya helmeti, na kola imepanda hadi kidevuni. Joto linapokufikia, limeshapita tabaka zote, na halitaondoka kwa sababu umetoka mlangoni.

Kuna sehemu mbili ambazo muuzaji hatakuonyesha. Magoti: ukipiga magoti kitambaa kinabanwa, ile hewa iliyokaa katikati ya tabaka inatoka, na kinga inapungua hapo hapo. Mabega: mikanda ya mtungi wa hewa inafanya vivyo hivyo. Tena kuna jasho. Ukiingia umelowa kwa sababu ulishakimbia na mipira ya maji nusu saa nzima, unyevu ulioko ndani unapata moto na kugeuka mvuke, na unaiva ndani ya koti lako kama viazi vilivyofunikwa sufuriani. Ndiyo maana wenye uzoefu huvaa fulana ya mikono mirefu chini na hawaingii wakiwa wamechoka, hata kamanda akiwa na haraka. Koti nyota nne. Ile moja nimeikata kwa sababu mvaaji mpya akilivaa anajiona hawezi kuungua.

Kwa hiyo kinachokutoa hai ni hesabu ya hewa, si ngozi yako. Kifaa cha kupumulia nakipa nyota tano bila kusita. Mtungi wetu ni wa nyuzi za kaboni, lita 6.8, umeshindiliwa hewa hadi baa 300 (baa ni kipimo cha mgandamizo). Kwa kawaida tunaambiwa ni kama nusu saa, lakini nusu saa hiyo ni ya mtu anayepumua kwa utulivu. Anayepanda ngazi na mpira uliojaa maji anaimaliza mapema zaidi. Ukibaki na baa 55 hivi, filimbi inaanza kulia na hailali. Nje, mtu amesimama na ubao, ameandika majina yenu, saa mliyoingia na mgandamizo mliokuwa nao, na kila mara anawauliza kwa redio mmebaki na ngapi. Kanuni ya Ujerumani inasema hewa ya kurudi ihesabiwe mara mbili ya iliyotumika kuingia. Mkitumia baa 60 kufika chumbani, 120 ni za kutokea. Haijalishi unajisikiaje. Mnaingia wawili, mnatoka wawili, na wawili wengine wamekaa nje wameshavaa mitungi, wanawasubiri ninyi tu.

Ndevu hazikubaliki pale maski inapogusa ngozi, kwa sababu hewa hupenya. Kwa sisi watu wa pwani wanaopenda kuzifuga hili lina uzito wake. Mwenzetu mmoja, Mturuki, alichagua kubaki na ndevu zake na sasa ni dereva na mwendesha pampu, kazi ambayo kusema kweli anaiweza kuliko wengi wetu. Ukitaka kuvaa mtungi, kwanza daktari anakupima moyo na mapafu ukiwa juu ya baiskeli ya mazoezi, na chini ya miaka 50 unarudia kila miaka mitatu. Tena kila mwaka unatambaa kwenye njia ya vizimba vya waya gizani, mtungi mgongoni. Wenye hofu ya sehemu finyu hugundulika hapo, na hakuna anayewacheka.

Glavu ndizo mbaya. Sijui kwa nini watu walioweza kutengeneza koti lile wameshindwa kwenye vidole. Zikiwa kavu unashika mpira vizuri, lakini kubonyeza kitufe cha redio ni kubahatisha. Zikilowa, bitana inashikamana na vidole, unatoa mkono nayo inatoka pamoja nawe, na kuirudisha ndani huku peja inalia kwa mara ya pili ni adhabu. Nyota mbili. Wengi tuna jozi nyingine nyembamba kwa ajili ya ajali za barabarani, ambako unashika vioo na vyuma na hakuna moto. Helmeti ni nzuri, taa yake iko pembeni, shingo inazoea. Buti zinavaliwa bila kufunga kamba, unavuta zipu na kukimbia.

Kitu kidogo nilichokipenda kupita magari yote ni kiungio cha mipira, kiitwacho Storz, cha tangu karne ya 19. Hakina dume wala jike. Ncha zote mbili zinafanana, unazikutanisha, unazungusha kidogo, basi. Gizani, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, hutafuti upande gani unaingia wapi. Mpira mnene ni wa milimita 75, wa kuingia nao ndani ni 42. Pampu ya gari letu inatoa lita 2,000 kwa dakika, lakini tangi linakwisha upesi, kwa hiyo mtu mmoja lazima akimbilie haidranti, yaani mdomo wa bomba la maji la mji. Hizo nyingi ziko chini ya barabara, zimefunikwa na kifuniko cha chuma, na ukutani karibu kuna kibao cheupe chenye ukingo mwekundu. Kinakwambia kipenyo cha bomba, mita ngapi kwenda mbele na ngapi kulia au kushoto. Siku hizi nikitembea mji wowote wa Ujerumani macho yananiponyoka kwenda kwenye vibao hivyo, na mke wangu ameshaacha kuniuliza natazama nini.

Jambo ambalo zamani lilidharauliwa ni masizi. Zimamoto wa kale walijivunia koti jeusi, likinuka moshi. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwetu sasa unavua pale pale eneo la tukio, nguo zinaingia kwenye mfuko, zinafuliwa kwenye mashine maalumu, na unarudi kituoni na suti ya mazoezi. Kama kikosi unachotaka kujiunga nacho bado kinapanda garini na makoti machafu, au watu wanayapeleka nyumbani kufua pamoja na nguo za watoto, waulizeni kwa nini kabla hamjasaini kitu.

Kuhusu watu wenyewe: mazoezi ni jioni, yakiisha kuna soseji na bia, na kwa mimi nisiyekunywa kuna maji ya matunda, hakuna aliyewahi kulifanya suala. Kila mtu huitwa jina lake la kwanza, hata kamanda. Mwanzoni nilikuwa sielewi lahaja ya wazee, na redioni ndiyo kabisa. Pasaka tunalinda moto mkubwa ambao mji huuwasha kimila, watoto wana kikosi chao kidogo cha Jumamosi, na mwanangu ameshaomba jina lake liandikwe.

Uraia wa Ujerumani hauhitajiki, ila Kijerumani cha kuelewa amri ukiwa na maski usoni kinahitajika kweli. Mafunzo ya msingi ni takriban saa 70, ya mtungi ni saa 25 juu yake. Siku ya kupimiwa vifaa nenda na soksi nene utakazovaa, jaribu koti ukiwa umeinama na kupiga magoti, si umesimama mbele ya kioo, na ukiambiwa saizi yako haipo ila hii kubwa kidogo inatosha, kataa, subiri iagizwe.