Niliomba kurasa zilizokatika, wakanitajia muuaji

Jina la riwaya yenyewe silitaji. Nikilitaja nitamfanyia msomaji mwingine yaleyale niliyofanyiwa mimi. Itoshe kusema ni riwaya ya upelelezi iliyotoka si zamani, mambo yake yanatokea karne kadhaa nyuma, mtunza hazina wa mfalme amekutwa amekufa, na anayepeleleza ni karani mzee ambaye macho yake yanaanza kufifia.

Nilikuwa nakisoma kwenye simu, kwa programu moja ya vitabu ya kulipia kila mwezi, tena usiku wa manane. Nikafika pale karani amewakusanya wote ukumbini. Anausogeza mshumaa usoni kwa mmoja, anahamia kwa mwingine, anarudi kwa yule wa kwanza, anafungua mdomo aseme, na sentensi ikakatika. Hakuna nukta wala ukurasa unaofuata. Programu ikaniandikia "Hongera, umemaliza kitabu!" na chini yake nyota tano tupu zikinisubiri nizijaze.

Hilo ningelisamehe. Mafaili huharibika. Nikawaandikia huduma kwa wateja kwa adabu kabisa kwamba sura ya mwisho haimo. Wakakaa kimya, kisha jibu likaja: "Mpendwa mteja, pole kwa usumbufu. Tumekagua na kitabu kimekamilika, kwani mwishoni inabainika kuwa muuaji ni..." Likafuata jina. Jina zima, pamoja na cheo chake.

Damu ilinichemka. Mtu analalamika kwamba hakupata mwisho, wewe ili kumthibitishia kwamba mwisho upo unamtupia wote katika mstari mmoja! Nilipowajibu kwa ukali, wakaniandikia kwamba kwa kuwa ni riwaya ya kihistoria, walichukulia mwisho wake unajulikana.

Unajulikana na nani? Kinachojulikana ni historia. Thomas Cromwell, waziri mkuu wa shughuli za Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, alikatwa kichwa mwaka 1540, na yeyote anaweza kulijua hilo kabla hajafungua riwaya ya Wolf Hall. Mwandishi wake, Hilary Mantel, alijua kwamba tunajua, ndiyo maana hakujisumbua kutuficha. Anatuweka karibu na Cromwell anapopanda cheo kimoja baada ya kingine kwa akili zake, na kadiri anavyopanda ndivyo msomaji anavyozidi kuogopa, kwa sababu mwenyewe hajui tunachokijua sisi. Sasa mchukue Cromwell huyohuyo ndani ya Dissolution ya C.J. Sansom, ya mwaka 2003. Humo anamtuma Matthew Shardlake, wakili mwenye kibyongo, kwenye nyumba ya watawa ambako mjumbe wa serikali ameuawa. Kwamba nyumba zote za watawa nchini humo zitafungwa ifikapo 1540, historia imeshasema. Nani aliyemuua mjumbe, historia haina habari naye. Hilo jina ni la mwandishi peke yake mpaka ukurasa atakaoamua kutupa, na likishakuingia kabla ya hapo hulitoi tena kichwani.

Hata riwaya isiyo ya upelelezi ina chake cha kulindwa. Katika Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2020, tunajua vita vya Wajerumani Afrika Mashariki viliishaje. Lakini Ilyas aliyejiunga na jeshi lao akamwacha dada yake Afiya, je, alipotelea wapi? Swali hilo linamfuata msomaji hadi kurasa za mwisho kabisa. Mimi sisemi, hata ukinibembeleza.

Na ninazipenda riwaya hizi kuliko za upelelezi wa leo, ambazo nyingi zimegeuka kusoma matokeo ya maabara. Kamera imemwona, vinasaba vimemtaja, kwisha. Idara ya alama za vidole ya Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, ilianzishwa 1901. Kachero anayewekwa kabla ya hapo hana msaada ila masikio, subira na uongo wa watu unaogongana. Hapo msomaji naye anapata nafasi ya kupeleleza. Sisi tuliomfuata Bwana Msa na kiko chake tangu Mzimu wa Watu wa Kale tunaijua raha hiyo: unamshuku huyu, unamhamia yule, kisha Bwana Msa anakuonyesha taratibu ulipopotea.

Nisiwaonee, hata hivyo. Mkusanyiko wao ni mzuri kuliko mwingine wowote niliowahi kuutumia. Shardlake nilikutana naye humo humo, na anayetaka riwaya za kihistoria hatakosa cha kusoma. Maandishi yanasomeka vizuri hata gizani. Kwa hayo nilikuwa nimewapa nyota mbili, na nusura niongeze ya tatu.

Lakini hatimaye sura iliyokosekana waliniletea, nikaisoma, na hasira zikarudi upya, kwa sababu ni nzuri mno. Kuna pete iliyogeuzwa kidoleni, jiwe likitazama kiganjani. Mwandishi alikuwa ameitaja mapema, mara moja tu, kama jambo la kupita, nami nikaipita. Karani anapoirudia pete ile mbele ya mshumaa ningepaswa kushika kichwa na kukimbilia kurasa za nyuma kuhakikisha. Nilichofanya ni kutikisa kichwa tu, kama mtu anayesomewa taarifa ya habari aliyokwisha kuisikia asubuhi. Mwandishi kapanga dalili zake kwa uaminifu mkubwa, sura baada ya sura, halafu anakuja mhudumu na mstari mmoja.

Mwandishi nampa tano. Wao nawaondolea ile ya pili, wabaki na moja. Wameniandikia pole kwa usumbufu tena na tena, na mpaka leo hakuna hata ujumbe mmoja unaokiri kwamba walinitajia jina.