Miezi miwili ya kujifunza kuogelea chali Arusha: uzoefu wangu

Nilijiandikisha kwa mafunzo haya mwezi Juni, msimu ambao mkazi wa Arusha havui hata sweta, sembuse kuingia bwawani. Mji wetu uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na bwawa la hoteli linalotumika liko wazi na maji yake hayapashwi moto, kwa hiyo anayetaka kujiunga ajiandae kutetemeka dakika kumi za mwanzo. Mtindo huria niliujua kwa kiasi cha kujiokoa. Nilichofuata ni mtindo wa chali, kwa sababu binti yangu hushindana kwa mtindo huo, na nilikuwa nimechoka kukaa pembeni nikipiga makofi bila kuelewa anakosea wapi.

Kocha ndiye anayestahili fedha yangu. Siku ya kwanza hakuigusa kabisa habari ya mikono. Alikata chupa ya maji katikati, akaijaza nusu, akaniwekea kikombe hicho kwenye paji la uso nikiwa nimelala chali, kisha akaniagiza nipige miguu hadi upande wa pili bila kukiangusha. Kilianguka mara tisa. Nilikuwa nikiinua kichwa kutazama vidole vya miguu, na kila kichwa kilipoinuka kiuno kilizama, nikawa kama mtu aliyekaa kwenye kiti anayekokotwa majini. "Mama, kitovu kione mbingu," alirudia, mpaka nikakubali kuyaacha masikio yazame. Miguu nayo aliirekebisha: nguvu itoke kwenye nyonga, goti lisichomoze juu ya maji, na vidole tu ndivyo vionekane kana kwamba vinayachemsha maji.

Mikono ilikuja wiki ya tatu. Nilikuwa nimezoea kuizungusha kama mapanga ya feni, yote imenyooka, juu na chini. Alinieleza kwamba mkono hutoka majini ukitanguliza kidole gumba, hupita hewani ukiwa umenyooka, kisha huingia kwa kidole cha mwisho. Ukiwa chini ya maji, kiwiko hukunjwa karibu nyuzi 90 ili kiganja na kigasha visukume maji kuelekea miguuni, badala ya kuyakandamiza kwenda chini na kuuyumbisha mwili. Hayo hayawezekani ikiwa mabega yamelala bapa. Mwili huviringika kutoka ubavu hadi ubavu, na kichwa peke yake ndicho kinachotulia. Niliumwa mabega wiki nzima, kisha asubuhi moja nikajikuta nimevuka mita 25 kwa mikono 24, wakati mwanzoni nilihitaji 33.

Lalamiko langu linahusu bwawa. Anayeogelea chali haoni aendako, na ndiyo maana kwenye mashindano kamba ya vibendera hutandwa juu ya maji, mita 5 kutoka kila ukuta, ikiwa na kimo cha angalau mita 1.8. Ukivipita vibendera unahesabu mikono yako mpaka ukutani. Hapa hakuna kamba, wala hakuna paa la kufuata mstari wake, na mawingu ya Julai hutanda kama shuka moja kutwa nzima. Niligonga ukuta kwa kichwa mara mbili. Niliposhauri kamba inunuliwe, niliambiwa na mhudumu kwamba wageni hawapendi vitu vinavyoning'inia. Kocha, kwa kututia moyo, humtaja Kirsty Coventry wa Zimbabwe, aliyetwaa dhahabu ya mita 200 chali Athens 2004 na Beijing 2008. Hoja hiyo ingeniingia zaidi kama bingwa huyo hangekuwa amefanyia mazoezi yake Auburn, Marekani.

Hasara ya kukosa kamba si nundu ya kichwani tu. Kwenye mgeuko, yaani kugeuka ukutani ili kurudi, sheria humruhusu muogeleaji kujigeuza kifudifudi, lakini akishageuka anatakiwa kuvuta mkono papo hapo bila kusita na kuingia moja kwa moja kwenye mgeuko. Asiyejua ukuta uko wapi hugeuka mapema, akabaki anateleza kifudifudi akiusubiri, na mwamuzi humtoa. Ndivyo binti yangu alivyotolewa mwaka jana, nami nikamlaumu kwa uzembe.

Ada ni shilingi 15,000 kwa kipindi, nami naiona ya haki. Vyumba vya kubadilishia nguo ni safi, ingawa maji ya moto ya kuoga hupatikana kwa bahati.

Mwezi uliopita nilinunua kamba ya nailoni, nikashonea vipande vya kitenge, nikapima mita 5 kwa futi ya fundi, na kocha akaifunga kwenye nguzo mbili. Kwa siku nne tuligeuka kama watu wenye macho kisogoni. Jumamosi hoteli ikawa na harusi, na wapambaji wakaikata. Nimelipia mwezi wa tatu hata hivyo, na kamba nyingine imo kwenye mkoba wangu.